Ajuza wa Ufagio na Tuhuma Isiyo na Burhani

Imekuwa ada siku hizi katika mitaa ya Mchikichini, hapa Dar es Salaam, kuanzia vichochoro vinavyopakana na soko la Karume hadi nyumba za mwisho zinazoelekea bonde la Msimbazi, kwamba kila yanapozungumzwa malezi ya watoto haipiti robo saa kabla mtu mzima, mwenye heshima zake na nia njema, hajasema kuwa katuni za wachawi ndizo zinazowaharibu watoto wetu. Na asemapo hivyo wenziwe huitikia kwa vichwa, kama watu waitikiavyo jambo lililokwisha kukatiwa shauri zamani, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Nimeisikia hukumu hiyo barazani, nimeisikia nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, nimeisikia kwa akina mama wa mitumba ya watoto wanapofungua belo asubuhi, na nimeisikia kwa walimu. Sijasikia hata siku moja mwenye kuitoa akidaiwa burhani. Mimi naikana hukumu hiyo, na naikana nzima, si nusu yake, kwa sababu naona inamkamata mpita njia na kumwacha mhalifu aende zake.

Filamu iliyonitumbukiza katika shauri hili ni fupi, haifiki nusu saa. Jina lake ni Room on the Broom, maana yake ni kuwa katika ufagio bado ipo nafasi. Ilitokana na kitabu cha watoto alichokitunga Julia Donaldson na kuchorewa picha na Axel Scheffler, kilichotoka mwaka 2001, ikaonyeshwa mara ya kwanza na BBC huko Uingereza siku ya Krismasi ya mwaka 2012, na mwaka 2014 ikawa miongoni mwa filamu fupi za katuni zilizogombea tuzo ya Oscar. Kwetu haikuja kwa mlango wa heshima namna hiyo. Ilikuja ndani ya flashi, imechanganywa na katuni nyingine tele, kutoka kwa kijana mwenye kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo na filamu, na ilionyeshwa ukumbini katika nyumba tunayokaa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ua nyuma, runinga ikiwa juu ya stuli na watoto kumi na wawili wamebanana juu ya mkeka mmoja. Kwa kuwa maneno yake ni ya Kiingereza, na tena ya vina, niliombwa nitafsiri kwa mdomo, kama alivyokuwa akitafsiri Lufufu ile mikanda ya kigeni hata watu wa mji huu wakamjua yeye kwa sauti kuliko walivyowajua waigizaji wenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi mmoja mwenye kofia ndefu anasafiri angani juu ya ufagio pamoja na paka wake. Upepo unavuma, kofia inaanguka. Mbwa anaiokota, anamrudishia kwa adabu, kisha anauliza kama ipo nafasi. Bibi anasema ipo, mbwa anapanda. Mara utepe wa nywele unaanguka, ndege anauokota, naye anauliza; mara fimbo inaanguka majini, chura anaizamia, naye anauliza; na kila aulizapo mnyama, paka ananuna na bibi anakubali. Mwisho ufagio unaelemewa na uzito, unakatika vipande viwili, bibi anaangukia mikononi mwa joka mwenye njaa anayetaka kumla na chipsi, na wale wanyama walioanguka topeni wanapandana migongoni, wakiwa wamepakaa matope tangu utosini hadi nyayoni, wanatokea kama dubwana moja la kutisha lenye sauti nne, wanamtisha joka hata anakimbia. Kisha bibi anawaambia kila mmoja atafute kitu, wanatia vyote chunguni, na chunguni humo unatoka ufagio mpya wenye viti, kiota cha ndege na mahali pa kuogea chura.

Watoto waliufahamu mzigo wa hadithi hii kabla sijaimaliza. Alipopanda chura, mvulana mmoja ambaye baba yake ni konda wa daladala alisema kwa uchungu wa kweli kwamba gari limejaa na dereva bado anapakia. Na ufagio ulipokatika wote walipiga ukelele, si kwa kuogopa uchawi, bali kwa sababu walikwisha kuwa abiria. Hayo ndiyo waliyoyaona. Walimwona mtu asiyemkataa mwingine njiani, na waliwaona wale waliopewa lifti wakirudi kumpigania aliyewapa. Hakuna aliyeuliza namna ya kuruka.

Lakini kuna jambo lilitokea mwanzoni, nami sitalificha, maana ndilo roho ya maneno yangu yote. Bibi wa kofia alipotokea kwa mara ya kwanza nilitafsiri neno la Kiingereza kama lilivyonijia, nikasema: huyu ni mchawi. Papo hapo msichana wa miaka kama sita, aliyekaa mbele kabisa, aliacha kuitazama runinga. Akageuza shingo polepole, akatazama nyuma kupitia mlango wa uani, pale anapokaa jioni zote jirani yetu mmoja, ajuza wa watu, mjane, anayekaanga vitumbua kwa kuni na ambaye macho yake, kwa moshi wa miaka mingi, yamekuwa mekundu na yenye kutiririka machozi. Alimtazama kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha akamgusa mwenziwe kwa kiwiko, naye akageuka.

Nauliza sasa, na ningependa wenye kuilaumu filamu ile wanijibu kwa insafu: ni nani aliyemfundisha mtoto yule kugeuka? Filamu ilikuwa haijafika dakika mbili. Mchawi wa picha ile alikuwa mzungu mwenye nywele za rangi ya karoti, amevaa buti, anacheka. Hafanani na jirani yetu kwa lolote. Elimu iliyomgeuza shingo mtoto yule alikuja nayo kutoka nyumbani, akiwa amekwisha kuimeza na kuihitimu, ya kwamba mwanamke akizeeka, akafiwa, akakaa peke yake na macho yakawa mekundu, basi ana lake jambo. Elimu hiyo haikuletwa na flashi.

Baada ya siku mbili walinijia wazee wawili, mmoja ustadhi wa madrasa na mwingine mwalimu wa shule ya chekechea, wote watu wema ninaowaamkia kwa taadhima kila tunapokutana. Walikaa, wakanywa chai, wakaniambia kwa upole kwamba nimewaonyesha watoto wao mchawi anayependeza, na kwamba mchawi anayependeza ni wa hatari kuliko anayetisha, kwa kuwa anayetisha mtoto humkimbia, lakini anayependeza humfuata. Hoja hiyo si ya kijinga. Naikubali kuwa ndiyo hoja bora walio nayo watu wa upande ule, na ingekuwa ya kweli, ningeitoa filamu katika flashi siku ileile. Nitaijibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Nianze na neno, kwa maana hapo kosa ni langu. Katika Kiswahili hakuna mchawi mwema, kama vile hakuna mwizi mwaminifu. Uchawi kwetu ni jina la dhuluma: mchawi ni mtu anayemuua mwenziwe, kumtia ugonjwa au kumharibia riziki kwa njia za siri, na atibuye kwa mizizi na dawa tumempa jina lake mbali, tukamwita mganga, ili asichanganywe na yule. Waingereza neno lao lilikuwa zito hivyo hivyo zamani, nao waliwanyonga vikongwe wao kwa ajili yake. Walakini sheria yao ya mwaka 1735 ilifuta adhabu ya kifo na kuyahesabu madai ya uchawi kuwa ulaghai, na vizazi vilivyofuata vikalisugua neno lile hata likabakia kofia, paka na ufagio, kama kisu kilichoota kutu hata mtoto akapewa achezee. Letu lingali na makali. Kwa hiyo niliposema mchawi, nilichukua mchezo wa watu nikaufunga kwa jina la msiba wetu, na mtoto aligeuka kwa haki yake. Tangu siku hiyo nasema ajuza wa ufagio. Ustadhi akinilaumu kwa tafsiri mbaya, nainamisha kichwa. Ila kosa la mfasiri asitwikwe mtungaji.

Tena hata hicho chombo anachopanda hakimwambii mtoto wa Mchikichini kile wanachodhani wazee kinamwambia. Mchawi wa masimulizi yetu hapandi ufagio. Hupanda ungo. Kila aliyekulia nchi hii amesikia habari za mtu aliyeanguka na ungo alfajiri akakutwa uchi juu ya paa la watu, na magazeti ya udaku yamezichapa habari hizo tangu nikiwa kijana, na watu wazima wamezinunua. Ufagio kwetu ni chelewa zilizofungwa pamoja za kufagilia uwanja. Mtoto alipomwona bibi juu ya ufagio aliona kituko, kama ambavyo angemwona mtu amepanda kinu.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe, kwamba mtoto humfuata anayempendeza. Ikiwa ni kweli, basi sisi wenyewe tumekwisha kupotea kitambo, na waliotupoteza ni walimu wetu. Nani kati ya watu wa rika langu hakusoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ikapokewa madarasani kizazi baada ya kizazi? Humo mna jini wa kike, Huria, mwenye sura njema na tabia njema, ambaye aliwageuza ndugu wawili wahasidi wakawa manyani, wakala viboko kila usiku kwa khiyana waliyomfanyia ndugu yao. Tulimpenda Huria. Mimi nilimpenda kwa dhati. Na hata leo sijamgeuza mtu nyani, wala sijajaribu, wala simjui yeyote katika darasa letu aliyekwenda kutafuta ilimu hiyo. Tulichoondoka nacho, tulioondoka na chochote, ni kuwa hasidi hujidhulumu mwenyewe. Nyuma yake tulikuwa na hekaya za Alfu Lela U Lela, zilizotiwa katika Kiswahili kabla baba zetu hawajabaleghe, ambamo kila mlango una jini na kila taa ina siri. Na nyuma zaidi tunayo hekaya ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Mna paa anayesema, anayempatia maskini mmoja utajiri na kumuua nyoka mkubwa mwenye vichwa vingi. Na ndani ya nyumba ya nyoka huyo, yenye kila aina ya mali, paa anamkuta kizee. Kizee huyo harogi mtu. Paa anapougua, na yule bwana aliyetajirishwa naye anapomdharau, kizee ndiye anayemlilia na kumtetea.

Namtaja kizee huyu kwa makusudi. Wako wanaosema kuwa ajuza mwema katika katuni ni mila za kigeni tunazopandikiziwa, na kumbe hekaya ya Unguja iliyoandikwa karibu karne na nusu kabla ya filamu ile inaye ajuza mwema, tena katika nyumba ya kutisha. Kilicho kigeni kwetu pengine ni kusahau kwamba tulikuwa naye.

Nije kwenye tarehe, kwa maana tarehe hazina upendeleo. Watu wanasema runinga imeleta uchawi katika vichwa vya watu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hata kimoja hadi mwaka 1994. Unguja walitutangulia kwa miaka ishirini. Ilhali kati ya mwaka 1970 na 1984, katika Bara hiyo isiyo na runinga, watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalikuwa katika nchi ya Wasukuma, Mwanza na Shinyanga. Waliowaua hawakuwa wameona katuni. Walikuwa wameona macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu miti ilikuwa imekwisha kukatwa na akina mama walikuwa wakipika kwa samadi ya ng'ombe ndani ya nyumba zisizo na madirisha, mwaka baada ya mwaka, hata moshi ukawapiga muhuri ambao jirani aliusoma anavyotaka. Na yalipokuja mapya, hesabu haikushuka: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza kuwa katika mwaka 2013 pekee watu 765 waliuawa kwa tuhuma hizo, na 505 kati yao ni wanawake. Waliochunguza mambo haya wameeleza mara nyingi kwamba aghalabu mwenye kuuawa ni mjane, hana mtoto wa kiume karibu, na ana shamba au ng'ombe ambao mtu fulani anawangojea. Tuhuma hutangulia, na mirathi hufuata.

Mbele ya makaburi hayo, mtu mwenye akili timamu anasimama na kusema tatizo letu mintarafu ya uchawi na watoto ni bibi wa kizungu anayempa chura lifti?

Najua nitaambiwa kwamba hayo ya Usukumani yako mbali na Mchikichini. Hayako mbali. Tokeni nami asubuhi mtoto aendapo shule. Kutoka kwetu hadi barabara ya Uhuru, na kutoka hapo ukiingia Kariakoo kwa mtaa wa Msimbazi, hazipiti nguzo tatu za umeme pasipo karatasi iliyobandikwa ya mganga kutoka Tanga, au Bagamoyo, au Sumbawanga, mwenye namba ya simu, anayerudisha mpenzi aliyeondoka, anayetia mvuto katika biashara, anayekuonyesha adui yako katika kioo. Someni ile ya mwisho tena. Anakuonyesha adui yako. Huyo atakayeonekana katika kioo hatakuwa mzungu mwenye nywele za karoti. Atakuwa shangazi, atakuwa mama mkwe, atakuwa jirani anayekaanga vitumbua. Mtoto aliyeanza kusoma darasa la kwanza hujizoeza kusoma kwa karatasi hizo, kwa kuwa zina herufi kubwa na ziko usawa wa macho yake. Mwezi wa Januari mwaka 2015, kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchi nzima. Gundi ya karatasi zao haijakauka hadi leo. Sijamwona ustadhi wala mwalimu akibandua hata moja. Wala sijajiona mimi, hadi mwaka huu.

Na katika vibanda vilevile, katika flashi zilezile, watoto wetu wanatazama pamoja na sisi filamu za watu wazima, za Nigeria na za kwetu, ambazo kizee ndani yake hana kazi nyingine ila kuroga: mama mkwe anachanganya chakula usiku, bibi wa kijijini anatoa kicheko kirefu, ngoma inalia, macho yanawaka kwa ufundi wa kompyuta, na mwishowe anakiri mbele ya mchungaji au anaanguka akafa, na chumba kizima kinashusha pumzi kwa furaha. Hizo hatuzilaumu. Tunaziona zina mafunzo, kwa sababu mchawi ameshindwa. Lakini mtoto wa miaka sita haondoki na fundisho la kushindwa kwake. Huondoka na sura yake. Na ile sura, ikimkosa mwigizaji, hutafuta pa kukaa uani kwetu. Ustadhi alisema anayetisha mtoto humkimbia. Ni kweli, humkimbia akiwa na miaka sita. Akiwa na miaka ishirini, na panga mkononi, na wenziwe saba nyuma yake, hamkimbii tena.

Juu ya dini sitasema mengi, maana mimi si mwanachuoni na sitaki kuvaa kilemba nisichokifunga. Sihri ni haramu. Ni katika madhambi makubwa yenye kuangamiza, na Mwislamu hana ruhusa ya kuichezea, wala Mkristo kwa kitabu chake. Sipingani na hilo hata kwa unywele. Ninachosema ni kwamba dini iliyoharamisha sihri ndiyo iliyoharamisha dhana mbaya, na kusengenya, na kumsingizia mwanamke asiye na hatia, na haya matatu tunayafanya kila jioni, barazani, mbele ya watoto, bila ya mmoja wetu kuona haya. Mtoto akiulizwa siku ya siku alijifunza wapi kumdhania mtu, hataitaja katuni.

Kuna jambo moja ambalo watu wa upande ule wananishinda, nami nalitoa kwa hiari. Runinga imekuwa yaya. Tunaiwasha mbele ya watoto kama tunavyowasha feni, tunakwenda zetu sokoni, na wanachokiona tunakuja kukijua wakishakiota ndoto. Usiku ule joka alipotokea, mtoto mdogo kuliko wote alilia, na kama nisingekuwa pale nikampakata angelala na joka yule. Basi wakisema wazazi tukae na watoto wetu tutazame wanachotazama, nitakuwa wa kwanza kuleta kigoda. Laiti wangesema hivyo. Wanachosema ni futa, na kufuta ni kazi ya mtu anayetaka kuondoka tena mapema.

Na kama tunatafuta katuni ya kututoa katika msiba wetu, tusione haya kuitafuta kwa majirani. Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Guinea utotoni, alitoa mwaka 1998 filamu ya Kirikou, ya mtoto mdogo wa kijiji cha Afrika ya Magharibi na mchawi Karaba aliyekitesa kijiji hicho. Na mtoto yule peke yake, katika kijiji kizima cha watu wazima wenye ghadhabu, ndiye aliyeuliza kwa nini mwanamke huyu ni mwovu. Jibu likawa ni mwiba uliokuwa umepigiliwa mgongoni mwake, tena na wanaume. Mtoto akautoa kwa meno. Hapa Dar es Salaam tunao Ubongo, watu wetu wenyewe, ambao tangu mwaka 2014 wanawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili, na watoto wanazipenda. Sioni kwa nini mafundi wanaoweza kumfundisha mtoto sehemu na desimali wasiweze siku moja kututengenezea ajuza wa Kiswahili, mwenye khanga na macho mekundu ya moshi, ambaye katika hadithi nzima hamrogi mtu, na ambaye wanyama wa mtaa wanasongamana kwake kwa sababu ya vitumbua.

Ijumaa iliyofuata tuliionyesha tena. Ustadhi nilimwalika, na nashukuru alikuja, akakaa karibu na mlango. Nilikwenda uani nikamwambia jirani yetu, Bibi, shikamoo, njoo utazame na wajukuu. Akauliza nani atayaangalia mafuta. Mama mmoja akajitolea. Alikuja akiwa na mwiko wake mkononi, akawekewa kiti, na yule msichana wa miaka sita akawa chini yake, karibu mno hata hakuweza kumkwepa. Nikatafsiri mwanzo hadi mwisho, kwa lile jina jipya. Ajuza hakucheka mahali walipocheka watoto. Alitazama kwa makini kabisa, kama anayesikiliza barua ikisomwa, na filamu ilipokwisha, ule ufagio wenye viti ukapaa kuelekea mwezini, akanigeukia.

"Huyo bibi hana ndugu?"

Nikamwambia hawakuonyesha ndugu.

"Watoto?"

Nikasema hawakuonyesha, wapo hao paka, mbwa, ndege na chura.

Akafikiri, akaupangusa mwiko kwa upindo wa khanga.

"Basi hao wasimwache," akasema, akanyanyuka kwenda kuyaangalia mafuta yake.